Kizuizi Kati ya Damu na Ubongo

Loperamidi, vidonge ambavyo duka la dawa humuuzia mtu anayeharisha, ni jamaa wa mofini. Hutuliza utumbo, lakini aliyemeza kipimo cha kawaida halewi wala haondokewi na maumivu. Dawa hiyo ikifika kwenye mishipa ya ubongo hurudishwa ilikotoka. Kinachoirudisha huandikwa na baadhi yetu “kizuizi cha damu-ubongo”.

Kistari hicho kinanikera. Hakuna kitu kiitwacho damu-ubongo. Kuna damu huku na ubongo kule, na cha kuzingatia ni kilicho katikati. Ndiyo maana naandika “kizuizi kati ya damu na ubongo”. Neno kizuizi lenyewe nalitetea mbele ya wanaopendelea “ukuta”. Kizuizi cha polisi hakifungi barabara: magari yanapita, ila lipo linaloambiwa ligeuze.

Mwaka 1885 Paul Ehrlich, Mjerumani, aliwadunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo vikashika rangi, ubongo ukabaki mweupe. Akadhani ni tabia ya ubongo kutoshika rangi. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaligeuza jaribio: rangi akaitia kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukakolea, mwili haukuguswa. Mwaka 1967 hadubini ya elektroni ikaonyesha kwa nini. Seli zinazounda kuta za vishipa vyembamba vya ubongo zimebanana hadi hakuna upenyo kati yake. Anayetaka kupita sharti apite ndani ya seli yenyewe.

Pombe hupita kirahisi, kama kila mtu ajuavyo. Sukari ina protini yake ya kuivusha. Dopamini haipiti, na hivyo mgonjwa wa Parkinson hupewa levodopa, ambayo hubebwa na protini zinazovusha asidi amino, kisha ikageuzwa dopamini ndani ya ubongo.

Katika ukanda wetu, aliyelipia kizuizi hiki kwa uhai wake ni mgonjwa wa malale. Vimelea vinavyoletwa na mbung'o huanzia kwenye damu, baadaye huingia ubongoni. Suramini huviua vilivyo kwenye damu, lakini yenyewe haivuki ya kutosha. Kwa vilivyokwisha kuvuka, kwa miongo mingi daktari alikuwa na melarsoproli, dawa yenye aseniki, iliyounguza mshipa ilipodungwa na kuua takriban wagonjwa 5 katika kila 100. Ndiyo sababu alimtoboa kwanza mgonjwa mgongoni na kuchukua maji ya uti wa mgongo: ilimpasa ajue vimelea viko upande gani. Feksinidazoli, dawa ya kumeza, inavuka. Mwaka 2018 ilikubaliwa kwa malale ya aina inayopatikana Kongo, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza pia kwa aina ya Tanzania, Uganda na Malawi.

Watafiti sasa wanavusha hata molekuli kubwa. Mwaka 2021 Japani iliidhinisha dawa ya ugonjwa wa Hunter ambayo kimeng'enya chake kimeungwa na kingamwili inayoshika kipokezi cha transferini, protini inayosafirisha madini ya chuma. Kipokezi kikiipitisha kingamwili, kimeng'enya nacho kinaingia. Waandishi wa tiba wangetenganisha basi vitenzi viwili: pombe hupenya, kimeng'enya hiki huvushwa. Taarifa nyingi husema vyote “vinapenya”, na msomaji hajui kama kuna aliyevibeba.