Si Wingu, Ni Mfongo

Mwaka jana kampuni moja ya hapa Moshi iliniita nikague Kiswahili cha waraka wake kwa wafanyakazi. Waraka ulikuwa wa kurasa mbili, na sentensi yake ya tatu ilinikalisha kitako: kuanzia Julai mifumo yote ya kampuni itahamia mawinguni na chumba cha seva kitafungwa. Chini yake uliwekwa muundo mpya wa idara. Nafasi mbili za mafundi wa seva zilifutwa, ikaundwa nafasi moja iitwayo Afisa Mawingu. Nilisahihisha alama za uandishi, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba istilahi hiyo haifai na kwa nini haifai, nikaurudisha. Ulipotoka, alama zangu za uandishi zilikuwemo zote. Mawingu nayo yalikuwemo.

Mmoja wa wale mafundi wawili alinikuta stendi. "Shikamoo mwalimu. Waraka wetu umepita mikononi mwako. Hivi vitu vikishakwenda mawinguni, havina wa kuvitunza?" Mtu huyu alikuwa anajua kazi yake barabara. Alijua kwamba data ya kampuni inahamia kwenye mashine za watu wengine, itafikiwa kwa njia ya mtandao na kulipiwa kwa kipimo cha matumizi. Kilichomsumbua ni kwamba waajiri wake walikuwa wameliamini neno. Walisoma "mawinguni", wakaona mahali pasipo na mtu, wakafuta watu.

Tuanze na neno lenyewe. Wingu na mbingu ni ndugu wa tumbo moja. Kamusi za zamani zinalo neno uwingu, wingi wake mbingu: w ya uwingu imekutana na king'ong'o ikageuka b, kama l ya ulimi inavyogeuka d katika ndimi. Kwa hiyo anayeiweka hesabu ya mishahara mawinguni ameiweka ujirani na mahali ambapo watu wa mlima huu, wa kanisani na wa msikitini, huelekeza dua zao. Huko hakuna fundi, hakuna ankara, na hakuna wa kupigiwa simu saa nane za usiku. Kisha litazame wingu katika usemi wetu wa kila siku. Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili tu, mvua yenyewe bado. Pakiwa na msiba tunasema wingu zito limetanda. Mtu akishukiwa, wingu la shaka limemfunika. Na hapa Moshi wingu tunalijua kwa kazi moja zaidi: asubuhi kilele cha Kibo kiko wazi, lakini jua likishapanda wingu linainuka kutoka msituni, na mgeni aliyesafiri siku mbili kuuona mlima anarudi hajauona. Wingu kwetu huficha.

Na huko lilikotoka, kwenye "cloud" ya Kiingereza, kazi yake ilikuwa ileile. Wahandisi wa simu na mitandao walipochora ramani zao, ile sehemu ya njia ambayo hawakuhitaji kuieleza waliizungushia mstari wa mapindo-mapindo, umbo la wingu. Maana yake: kilichomo humu kisikushughulishe. Mwaka 1996 watu wa kampuni ya Compaq waliliandika jina hilo katika andiko la ndani la biashara. Agosti 2006 Eric Schmidt, wakati huo mkuu wa Google, alilitamka mkutanoni, na mwezi huohuo Amazon ikaanza kukodisha nguvu ya mashine zake kwa saa. Alama ya kutochunguza ikawa jina la bidhaa, nasi tukaipokea bidhaa pamoja na kutochunguza kwake. Aliyelifikiria jambo hili mapema hakusema habari za wingu hata kidogo. Mwaka 1961, chuo cha MIT kilipotimiza miaka 100, John McCarthy alitabiri kwamba siku moja nguvu ya kompyuta itaendeshwa kama huduma ya umma, kama simu. Lau kamati zetu za istilahi zingemfasiri yeye, nisingekuwa na sababu ya kuandika makala haya.

Istilahi ninayoipendekeza ni mfongo. Msomaji wa Kibosho au Mbokomu hahitaji kuelezwa, lakini namwandikia pia wa Lindi na wa Lamu. Mfongo ni mfereji wa Wachaga. Unaanzia korongoni juu, penye banio la mawe na magogo, ukashika ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho linadhani maji yanapanda, ukaja kugawanyika vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Wageni wa karne ya 19 waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi. Ukoo uliochimba ulishika mamlaka, na juu ya mfongo aliwekwa mzee wake: huyo hupanga zamu, huita watu siku ya kuzibua, humtoza faini asiyefika, na hupita kuangalia nani kachepusha maji usiku. Mkulima wa chini hana chemchemi. Ana haki ya kupata maji kwa saa zake, na ana wajibu.

Mbona nisiseme mfereji, neno la wote? Nalipenda mno. Oman wana falaj, wingi wake aflaj, mifereji ya kumwagilia ambayo mitano kati yake UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Na wataalamu wa Kiarabu hulieleza jina hilo kwa mzizi wenye maana ya kugawa. Kugawa! Sikio langu halikubali kwamba falaj na mfereji hawajuani, kwa jinsi l na r zinavyopokezana katika vinywa vya pwani. Wapo wanaolipeleka mfereji upande wa faraja, kwa maana ya kufunguka. Sitagombana nao hapa, ingawa mmoja wao aliwahi kugombana nami mbele ya wanafunzi wangu na sijasahau. Tatizo la mfereji ni la mjini: ukimwambia mtu wa Majengo au Njoro data yake imo mfereji­ni, atafikiria maji machafu. Mgao nao, ambao ungekaa vizuri, umeshaharibiwa na umeme. Hakuna Mtanzania atakayesikia "kompyuta ya mgao" asitafute mshumaa. Mfongo bado ni neno safi.

Nina kasoro moja ya kukiri. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika fasili yake ya Septemba 2011 iliyoandikwa na Peter Mell na Timothy Grance, ilitaja sifa tano za huduma hii. Mtumiaji hujihudumia mwenyewe anapohitaji, huifikia kwa mtandao, hutumia rasilimali zilizokusanywa kwa ajili ya wengi, matumizi yake hupimwa, na uwezo anaopewa huweza kupanuka na kusinyaa haraka. Nne za mwanzo mfongo unazibeba vizuri. Ya tano hauiwezi, kwa sababu kiangazi cha Februari mfongo husinyaa bila kuuliza mtu. Hata hivyo wingu nalo halipanuki kwa amri ya mhasibu, na kwa upungufu wangu mmoja sioni kwa nini nipokee upungufu wao wote.

Sasa turudi kwa fundi wangu, maana hapa ndipo neno linapoamua mkate wa mtu. Katika chumba cha seva alikuwa akiamka kiyoyozi kikizima, akiwasha jenereta, akibadilisha diski, akipeleka nakala za akiba jengo la pili. Kazi hiyo kweli imeondoka. Iliyokuja ni nyingine, na ni ya mzee wa mfongo. Nani afungue nini, na aliyeacha kazi Ijumaa azuiliwe Ijumaa hiyohiyo. Mashine iliyokodishwa kwa majaribio ikasahaulika ikiwa imewashwa ni maji yaliyoachwa usiku kucha kwenye shamba lisilopandwa, na ankara yake inakuja kwa dola. Idara ya masoko imejinunulia huduma yake kwa kadi ya meneja, rasilimali watu wamejinunulia yao, na mkuu wa TEHAMA anazikuta zote kwenye taarifa ya benki; mlimani hilo linaitwa kuchepusha, na lina faini. Fundi aliyekuwa akikaa na bisibisi sasa hana budi kukaa na mhasibu, ofisa ununuzi na mwanasheria, kwa sababu mkataba na mwenye chemchemi ndio mtambo wake mpya. Na yale aliyokuwa akiyafanya kwa mkono anayaandika yawe maagizo ambayo mashine itayafuata yeye akiwa amelala. Idara inapungua vyumba. Akili haipungui.

Mwanasheria nimemtaja kwa makusudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya taarifa za watu kuvuka mpaka wa nchi. Wingu halina mpaka. Mfongo una banio, na banio liko mahali panapotajika: mashine za Microsoft ziko Johannesburg na Cape Town tangu 2019, za Amazon ziko Cape Town tangu 2020. Na njia ya kufika huko inapita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania na kwa majirani, na kampuni zilizokuwa "mawinguni" zikagundua kwamba uhai wao uko ndani ya waya sakafuni mwa bahari. Mkulima wa kihamba cha mwisho asingeshangaa. Maji yakikauka, anajua kupanda juu kuangalia palipobomoka.

Hoja ya mfongo niliiandika kwa kamati moja ya istilahi, miaka sita iliyopita, kurasa kumi na nne. Nilijibiwa mistari miwili: neno ni la kikabila, halifahamiki nje ya eneo lake. Nauliza, Ikulu ilitoka wapi kama si kwa Wanyamwezi? Ngeli, ambayo hakuna mwanafunzi wa sarufi anayeikwepa, ilitoka kwa Wahaya. Kitivo cha chuo kikuu kililimwa kwanza Usambara na Upare, kikiwa bonde lenye rutuba. Mtori unaliwa Dar es Salaam na wala hakuna aliyedai uitwe supu ya ndizi ya kupondwa. Wajumbe wanaotumia ngeli na kitivo katika barua ya kunikatalia mfongo kwa ukabila walipaswa kuisoma barua yao mara ya pili.

Wapo pia wasemao wingu limeshazoeleka. Ofisini sijalisikia; watu husema klaudi, "iko kwenye klaudi," na wingu huandikwa tu pale kunapokuwa na waraka.

Kwa matumizi, kwa ufupi: huduma za mfongo, mfongo wa umma, mfongo wa ukoo kwa ule wa taasisi moja, mfongo mseto, banio kwa kituo cha data, ndiva (bwawa la akiba, kwa hisani ya Wapare) kwa hifadhi kubwa ya data, kuchepusha kwa matumizi yasiyo na idhini, na msimamizi wa mfongo kwa yule wa kwenye muundo wa idara, kwa kuwa binti mmoja anayeifanya kazi hiyo mjini hapa ameniambia kwa adabu kwamba hawezi kuitwa mzee.

Mwezi huu nimeiandikia tena kamati ile. Safari hii nimeambatanisha ramani ya mfongo mmoja wa Old Moshi, niliyoichora kwa mkono baada ya kuutembea kutoka banio mpaka kihamba cha mwisho, pamoja na zamu za kila nyumba. Hakuna kipande nilichokizungushia wingu.