Kutoka Faili la Kawaida hadi Mlango Uliofungwa: Historia ya Kusoma Saraka katika Unix

Mtumiaji wa kompyuta anapoandika amri ya ls, orodha ya mafaili hutokea mara moja, naye huendelea na shughuli zake. Ni wachache wanaojiuliza orodha hiyo imetoka wapi na imesomwaje kutoka kwenye diski. Insha hii inaeleza jinsi programu zilivyosoma saraka katika mfumo wa Unix na jamaa zake tangu mwaka 1969. Hoja yangu ni kwamba historia hiyo inazunguka swali moja: programu ya kawaida inapaswa kujua kiasi gani kuhusu mpangilio wa diski? Mwanzoni ilijua karibu kila kitu. Baadaye ilizuiwa karibu kila kitu. Badiliko hilo lilikuwa la lazima, lakini halikuja bure.

Wazo la kuweka saraka ndani ya saraka halikuzaliwa na Unix. R. C. Daley na P. G. Neumann walilieleza mwaka 1965 katika makala kuhusu Multics, mradi ulioziunganisha MIT, General Electric na Bell Labs. Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa. Mwaka huohuo Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie na wenzao, alianza kujenga mfumo mdogo kwenye kompyuta ya PDP-7. Saraka zilikuwemo, ila hapakuwa bado na njia ndefu zenye mikwaju kama tunazoandika leo. Jina lilitafutwa katika saraka ya sasa tu, na saraka mpya haikuweza kuundwa wakati mfumo unafanya kazi.

Mfumo ulipohamia kwenye PDP-11, saraka ilipata umbo lililodumu kwa miaka mingi. Mwongozo wa kwanza, wa Novemba 1971, unaonyesha kwamba saraka ni faili lenye maingizo ya baiti 10: baiti 2 za nambari ya inodi na baiti 8 za jina. Inodi ni kumbukumbu inayotunza habari za faili, yaani mwenye faili, ukubwa wake na mahali data zake zilipo kwenye diski. Jina halimo katika inodi. Limo katika saraka peke yake. Kwa hiyo saraka ilifanana na daftari la mahudhurio darasani: namba upande mmoja, jina upande wa pili. Baadaye ingizo liliongezwa likawa baiti 16, na jina likaruhusiwa kufika herufi 14. Ndivyo ilivyokuwa hata katika Toleo la Saba la mwaka 1979.

Kusoma saraka kama hiyo kulikuwa rahisi. Programu iliifungua kama faili lolote, ikasoma baiti 16, ikatazama nambari ya inodi. Ikiwa ni sifuri, nafasi ile ilikuwa tupu na ilirukwa; ikiwa si sifuri, jina lilichukuliwa. Kuandika ndani ya saraka moja kwa moja kulizuiwa kwa programu zisizo na mamlaka maalumu, lakini kusoma kulikuwa huru. Amri ya pwd ilitumia uhuru huo kupanda mti wa saraka. Ilikumbuka nambari ya saraka iliyopo, ikapanda kwa mzazi kupitia jina la nukta mbili, ikapitia maingizo ya mzazi hadi ikaiona nambari ileile, ikajua jina lake. Ilirudia hivyo hadi kwenye mzizi, mahali ambapo nukta moja na nukta mbili zina nambari moja. Tena, kufuta faili kuliweka sifuri tu penye nambari, hivyo jina la faili lililofutwa liliweza kuendelea kusomeka hadi nafasi yake ipewe faili jingine. Mwanafunzi wa wakati ule aliweza kuyaona haya yote kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba nambari 16 haikukaa katika kerneli tu. Ilikaa pia ndani ya ls, pwd na kila programu iliyotembea katika saraka. Aliyetaka kubadilisha mpangilio wa diski alilazimika kuzirekebisha zote. Jambo hili lilidhihirika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Marshall Kirk McKusick, William Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry walitengeneza mfumo mpya wa mafaili uliotoka na 4.2BSD mwaka 1983. Majina sasa yaliweza kufika herufi 255, na kila ingizo lilikuwa na urefu wake. Programu ya zamani iliyohesabu baiti 16 kwa 16 ingesoma takataka.

Dawa waliyoitoa ilikuwa maktaba ndogo ya fanksheni: opendir ya kufungua saraka, readdir ya kutoa ingizo moja baada ya jingine, rewinddir ya kurudi mwanzo, na closedir ya kufunga. Programu ikaacha kuhesabu baiti. Ikawa inaomba ingizo linalofuata. Katikati ya miaka ya 1980, mfumo wa NFS wa Sun Microsystems uliongeza sababu ya pili. Saraka iliyo kwenye mashine ya mbali huenda imepangwa kwa namna ambayo mashine inayoomba haiifahamu kabisa. Mwaka 1988 sanifu ya POSIX ilizipokea fanksheni hizo nne. Leo katika Linux, programu inayojaribu kuisoma saraka kama faili la kawaida hurudishiwa kosa, na maktaba hupata maingizo kwa wito maalumu wa kerneli uitwao getdents. FreeBSD iliendelea kuruhusu usomaji wa zamani hadi toleo la 13, mwaka 2021, lilipoufunga kwa kawaida.

Faida ya kufunga mlango huo inaonekana wazi. Katika miaka ya 1990 mfumo wa XFS uliacha orodha iliyonyooka na kupanga saraka kubwa kwa muundo wa mti, na programu zilizotumia readdir hazikuhitaji kujua.

Hata hivyo, kulikuwa na gharama. Berkeley ilikuwa imeongeza fanksheni mbili nyingine: telldir, inayoweka alama ya mahali msomaji alipofika, na seekdir, inayomrudisha hapo. Ahadi hiyo ni nyepesi kuitimiza pale saraka inapokuwa orodha iliyonyooka, lakini ni mzigo pale inapokuwa mti unaobadilika, na POSIX ya 1988 haikuziingiza. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2008 Marc Balmer, mmoja wa watengenezaji wa OpenBSD, aligundua kwamba seekdir ya BSD ilikuwa na kosa lililodumu takriban miaka 25. Ingizo la kwanza la kipande cha saraka lilipofutwa, lilibaki mahali pake likiwa na nambari sifuri. Katika kurudi kwenye alama, msimbo uliliruka ingizo hilo na kuipita alama yenyewe, na faili likakosekana katika orodha. Watengenezaji wa Samba walikuwa wamekumbana na kasoro hiyo na kuikwepa ndani ya programu yao, lakini chanzo kilibaki palepale. Sifuri ileile ambayo zamani kila mwandishi wa programu aliijua ilikuwa sasa imefichwa ndani ya maktaba, na wachache walifungua kutazama.

Kwa kuhitimisha, sidai kwamba turudi kwenye baiti 16. Kama programu zingeendelea kuujua mpangilio wa diski, diski zingebaki za 1979. Funzo ninaloliona ni kwamba mlango unaofungwa unapaswa kuahidi machache. Readdir iliahidi ingizo linalofuata tu, nayo imeishi vizuri. Telldir iliahidi zaidi, ikawatesa waliofuata. Kwetu wanafunzi, fanksheni hizi hufundishwa kana kwamba zilikuwepo tangu mwanzo. Anayejua zilikotoka atajua pia pa kuanzia kutafuta siku faili litakapokosekana katika orodha.