Tembo Halilanguliki: Uimara wa Bidhaa na Faida ya Kuuza Tena katika Pwani ya Bagamoyo

Watawa wa abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, hupika bia ya kutosha kuendesha nyumba yao tu, wala hawaongezi pipa kwa kuwa wateja wameongezeka. Mwaka 2005 bia yao nambari 12 ilipotajwa kuwa bora duniani, magari yalipanga foleni langoni. Wakaweka masharti: kuagiza kwa simu, kiasi kidogo kwa kila gari, na marufuku ya kuuza tena. Hata hivyo mwaka 2018 maduka ya Jan Linders nchini Uholanzi yaliuza chupa moja karibu euro 10, ilhali langoni haikufika euro 2. Tofauti hiyo haikumfikia aliyeipika.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba uhaba ndio huzaa mlanguzi. Nadai, kwa ushahidi wa pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kwamba uhaba peke yake haumlei. Sharti bidhaa iweze kukaa, na njia ya kumfikia mnunuzi wa mwisho iwe finyu. Bia ya Westvleteren ina kileo cha takriban asilimia 10, hukaa chupani miaka, na wanywaji wake huamini kwamba inazidi kunoga. Kikatoni kilichofungiwa stoo hakimtii hasara mwenyewe.

Tembo la mnazi ni kinyume chake. Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, kotama mkononi, akachonga upya ncha ya panda na kushusha kilichojikusanya. Tembo la alfajiri ni tamu. Jioni limeshakuwa kali. Likilala siku chache linaelekea kuwa siki. Hata utomvu unapopungua, hakuna mwenye akili timamu atakayelinunua lote alifungie ghalani angojee bei ipande. Mahitaji yakizidi, ubora hutikisika kabla ya bei: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa kama onyo juu ya majivuno, nami naiona pia kuwa ushahidi wa soko. Anayesifiwa ndiye huyo huyo anayevuna sifa, kwa haki au kwa hila. Hakuna mtu wa tatu kati yake na mnywaji mwenye uwezo wa kuivuna kwa niaba yake.

Sandarusi ndiyo inayotuonyesha upande wa pili. Utomvu huu wa kale, uliozikwa ardhini baada ya miti yake kutoweka, ulichimbwa na Wazaramo na majirani zao bara ya Bagamoyo, ukavushwa Unguja, na sehemu kubwa ikafika Salem, Massachusetts, kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekuja pwani hii mwaka 1857, alieleza tofauti kati ya sandarusi iliyoiva ardhini na chakazi, ile changa ya mtini isiyo na thamani kubwa. Kukaa ndiko kulikoipa bei. Na njia yake ilikuwa finyu kwa maandishi: mkataba wa Seyyid Said, mtawala wa Unguja, na Uingereza wa mwaka 1839 ulifungua biashara, lakini ukaacha nje pembe za ndovu na sandarusi za Mrima, yaani pwani hii ya bara, kuanzia Mtangata hadi Kilwa. Bagamoyo ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Mfanyabiashara wa Kizungu alilazimika kununua Unguja, baada ya mzigo kupita forodha iliyokodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji. Mchimbaji alitaka nguo na chakula msimu ule ule. Mwenye ghala aliweza kungoja merikebu. Hapo ndipo faida ilipohamia, na mchimbaji hakuwa na njia ya kuifuata.

Kuna hoja kwamba dola kali ingeweza kumkomesha mlanguzi. Tanzania ilijaribu. Mwaka 1983 Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakakamatwa na maghala yakapekuliwa. Nia ya Sokoine naiheshimu, maana maumivu ya wananchi yalikuwa ya kweli. Lakini vilivyokuwa vikifichwa ni sukari, sabuni na khanga, vitu vinavyokaa. Na rafu zilianza kujaa pale serikali iliporuhusu, mwaka 1984, wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe. Njia ilipanuliwa, faida ya kuficha ikaporomoka.

Jambo hili lina uzito leo kwa sababu tembo linaweza kufanywa lidumu. Nigeria tayari hulichemsha kwa kiasi na kulitia chupani, na hoteli za Bagamoyo zina wageni ambao wangelipia chupa chache zenye jina la mji. Siku hiyo mgema atageuka mchimbaji wa sandarusi: atauza alfajiri kwa bei ya mazoea, na mwenye chupa atangoja msimu wa watalii. Kwa hiyo leseni ya kutia chupani ianze na ushirika wa wagema, nembo iwe mali yao, na sehemu ya chupa za kila mwaka ibaki katika stoo yao wenyewe hadi bei ya soko ijulikane.