Daftari za Maabara ya Stanleyville

Tarehe 26 Julai 1958 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ambayo kwayo Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya tiba ya Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, pamoja na Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar ya Philadelphia na wenzao watatu, walieleza jinsi watu zaidi ya 240,000 wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi walivyopewa kwa kinywa chanjo ya polio iliyofanywa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Nyuma ya kazi hiyo ilikuwako kambi ya Lindi, iliyoanzishwa mwaka 1956 kando ya mto wa jina hilo, si mbali na mji, ambako sokwe kwa mamia, walionaswa misituni na kufungiwa vizimbani, walitumiwa katika majaribio ya chanjo, wengine wakitiwa virusi vya polio baada ya kuchanjwa ili ibainike kama kinga imeshika. Jambo zito kama hilo lilistahili kujulikana kwanza na wenyeji wa mji. Walakini kwa muda wa karibu miaka arobaini msomaji wa London au Brussels alilifikia kwa wepesi kuliko mwanafunzi wa Makiso, mtaa wa mji huo huo.

Sababu yake ilikuwa fahirisi ya maandiko ya tiba. Index Medicus, aliyoiasisi John Shaw Billings, tabibu wa jeshi la Marekani, mwaka 1879, ilikuwa majuzuu mazito yaliyohitaji maktaba yenye mali. Mwaka 1964 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliingiza kazi hiyo katika kompyuta kwa mpango ulioitwa MEDLARS, na mwenye haja akapeleka swali lake na kungoja jibu kwa majuma; mwaka huo huo Stanleyville ilikuwa mikononi mwa waasi wa Simba, hata askari wa miavuli wa Kibelgiji wakashuka tarehe 24 Novemba, na mji uliokuwa ukizika maiti zake haukuwa na wasaa wa kuuliza fahirisi. Ikaja MEDLINE mwaka 1971 kwa nyaya za simu, ikaja Entrez mwaka 1991 katika sidii, na Juni 1997 PubMed ikafunguliwa kwa watu wote bila malipo.

Chombo hicho hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza huchukua maneno ya mtafutaji na kumrudishia orodha ya namba, kila namba ikiwa ni ya andiko moja, kisha kwa namba hizo huleta kumbukumbu yenyewe, yaani kichwa cha andiko, majina ya waandishi, jarida na tarehe. Ni kazi ya sekunde chache, lakini yataka mtu ajuaye tarehe za nchi yake. Mji ulibadilishwa jina mwaka 1966, nchi ikawa Zaire mwaka 1971 na ikarudia jina la Kongo mwaka 1997, kwa hiyo anayeandika Kisangani peke yake hujinyima takriban yote yaliyoandikwa zama za maabara ya Courtois. Wala kuandika Stanleyville hakutoshi: kichwa cha taarifa ile ya 1958 chataja Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, hakiutaji mji, na kumbukumbu za miaka ile aghalabu hazina muhtasari ambamo jina lingeweza kupatikana. Mtafutaji hana budi kumwendea Courtois kwa jina lake, au kuandika polio pamoja na jina la koloni. Na akiisha kuipata, ataisoma taarifa yote, kwa kuwa matoleo ya kale ya jarida hilo yamehifadhiwa na kuachwa wazi.

Haja ya kuzisoma kumbukumbu hizo ilidhihirika mwaka 1999, Edward Hooper alipotoa kitabu chake The River, akidai kwamba chanjo ya Koprowski ndiyo iliyoleta UKIMWI kutoka kwa sokwe. Januari 2000, vita vya Kongo vikiwa bado vinawaka, mwanazuoni W. D. Hamilton alifika Kisangani kutafuta kinyesi cha sokwe msituni, ili virusi vyao vichunguzwe. Alirejea Uingereza akiwa mgonjwa, akafariki mwezi wa Machi. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya kupimwa kwa chupa za chanjo zilizokuwa zimehifadhiwa Wistar, na ndani yake havikuonekana virusi vya UKIMWI wala athari ya sokwe. Na mwaka 2004 jarida la Nature lilitoa ithibati kwamba virusi vya sokwe wa misitu ya Kisangani ni vya ukoo mwingine kabisa na vile vilivyoenea kwa wanadamu. Kwangu mimi hoja hiyo yatosha kuiondoa tuhuma, ingawa haiwaondolei waliotenda wajibu wa kuulizwa kama wale 240,000 walielezwa walichopewa.

Zikiwekwa kumbukumbu hizo mbili pamoja, ya 1958 na ya 2004, mstari wa waandishi wasomeka kwa namna mbili. Katika ya kwanza hamna Mkongo hata mmoja, wala mwindaji, wala mlishaji wa sokwe wa Lindi, na majina ya watu hao hayatafutiki kwa chombo chochote. Katika ya pili, kati ya waandishi kumi na mmoja, wamo Ndjango, Labama na Dhed'a, wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Kisangani.