Asili ya Neno "Misa"

Mwaka 1890 Askofu de Courmont, pamoja na Padre Le Roy na Padre Gommenginger, walikwea kutoka pwani hadi Kilema, na Mangi Fumba akawapokea. Katika maneno waliyokuja nayo, moja limezoeleka hata hakuna aliulizaye tena: misa.

Mtoto akiuliza, mara nyingi twamjibu kwamba misa maana yake ni sadaka. Jambo lenyewe ni kweli, lakini neno halisemi hivyo. Kilatini mittere ni kutuma, au kumpa mtu ruhusa aende zake. Katika kitendo hiki hutoka sifa ya jambo lililokwisha kutendwa: missus, aliyetumwa, kwa jinsi ya kiume, missa kwa kike, missum kwa kisicho kiume wala kike. Tena mwisho wake hugeuka kwa kadiri ya kazi yake: missa likiwa mtenda, missam likiwa mtendwa, missae likionyesha mwenye kitu. Sisi twageuza kichwa cha neno, mtu, watu. Warumi waligeuza mkia, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchoka.

Baadaye missa liliacha kuwa sifa, likawa jina, sawa na missio, yaani kuagwa. Ndivyo collecta nalo lilivyosimama mahali pa collectio. Avitus, Askofu wa Vienne, aliandika yapata mwaka 500 kwamba makanisani, na hata katika majumba ya wakuu, watu waliambiwa "missa est" walipopewa ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo kufasiri "Ite, missa est" kuwa "Nendeni, misa imekwisha" si sawa, maana est si "imekwisha." Maana yake ya kwanza ni "Nendeni, mmeruhusiwa." Ajabu ni kwamba ibada nzima ilipata jina lake katika neno la kuagana.

Kilema, kama kwingineko, Kilatini kilisikika altareni mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za wenyeji, mwaka 1963. Neno halikuondoka. Limeingia katika ngeli ya nyumba na safari: misa hii, misa hizi, wala halijui tena kike na kiume. Na mzee asemaye, "Naenda misioni kusali misa," ametamka mittere mara mbili kwa pumzi moja.