Mashamba Yalipohamwa, Basi Likaingia

Asubuhi mabasi ya watalii huondoka Florence, na jioni ya siku hiyo hiyo huwa yamerejea. Katikati ya saa hizo abiria wamepelekwa San Gimignano kutazama minara, wamezungushwa Siena hadi uwanja wa Piazza del Campo, wamekula mchana katika shamba la mizabibu la Chianti huku wakionjeshwa divai, na pengine wamefikishwa Pisa kupiga picha mbele ya mnara ulioinama. Ziara ya namna hii husemwa vibaya hata na watu waliowahi kwenda nayo. Lawama zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kwamba haraka hii ni ugonjwa wa siku hizi, na kwamba wasafiri wa zamani walikwenda taratibu wakaielewa nchi. Ya pili ni kwamba basi limevamia mashamba na miji ambayo haikuguswa kwa karne nyingi, likaigeuza kuwa maonyesho. Historia ya Toscana, mkoa wa Italia yalimo maeneo hayo, haiungi mkono hata moja. Haraka ni ya zamani. Kilicho kipya ni mandhari. Mashamba yale yalikwisha kuhamwa na wakulima wake kabla basi halijafika, na nguvu zilizowaondoa wakulima ndizo zilizomfungulia mtalii mlango.

Tuanze na haraka. Katika karne ya 18, vijana wa matajiri wa Ulaya ya kaskazini waliokwenda Italia kujielimisha walifunga mikataba na vetturino, mwenye gari la farasi, ambaye kwa bei moja iliyokubaliwa mapema aliwasafirisha, akawalipia chakula na malazi ya njiani, na mara nyingi akaamua yeye wasimame wapi, kwa kuwa farasi walihitaji kulishwa na kupumzika. Leo anayepumzishwa ni dereva: sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka asimame dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asizidishe saa tisa za kuendesha kwa siku. Hata wasomi wakubwa walikimbia. Mshairi wa Kijerumani Goethe, mwaka 1786, aliipa Florence saa chache tu kwa shauku ya kuwahi Roma. Siku chache baadaye, akiwa Assisi, alikwenda kulitazama hekalu la Minerva la enzi za Warumi na kulipita kanisa kubwa la Mtakatifu Fransisko bila kuliingia. Thomas Cook, aliyeanza mwaka 1841 kwa kuwasafirisha kwa treni watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, aliwafikisha wateja wake Italia mwaka 1864. Mwaka uliofuata mwandishi Charles Lever, aliyekuwa naibu konseli wa Uingereza huko La Spezia, alikuwa tayari anawashutumu kwa maandishi kuwa ni makundi yanayoswagwa. Kwa hiyo lawama wanazotupiwa abiria wa basi leo zina zaidi ya karne moja na nusu, na zilitangulia injini ya petroli.

Miji yenyewe, kwa upande wake, ilijengwa na wapita njia. Karibu mwaka 990 Sigeric, askofu mkuu wa Canterbury, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka Roma, vituo vyake vipatavyo 80 viliorodheshwa, na San Gimignano imo. Njia ile, Via Francigena, iliwaleta mahujaji na wafanyabiashara waliolala usiku mmoja, wakalipa, wakaondoka. Kwa fedha zao na kwa biashara ya zafarani, koo kubwa za mji zilishindana kujenga minara. Inasemekana ilifika 72, na leo imebaki 14. Kilichoihifadhi minara hiyo ni msiba. Tauni ya 1348 iliua sehemu kubwa ya watu, mwaka 1353 mji ukajisalimisha kwa Florence, na msafara wa njia ukahamia bondeni. Tangu hapo hakukuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Siena nayo ilianza mwaka 1339 kulipanua kanisa lake kuu, tauni ikaukatiza ujenzi, na ukuta ule usiomalizika bado umesimama. Aliyebaki na fedha alitenda tofauti. Florence, iliyokuwa mji mkuu wa Italia kati ya 1865 na 1871, ilibomoa sehemu kubwa ya kuta zake, na mwishoni mwa karne hiyo ikaufuta mtaa wa soko la kale ili kufungua uwanja unaoitwa sasa Piazza della Repubblica. Ukale tunaousifu San Gimignano ni alama ya miji iliyoshindwa.

Nje ya kuta kuna historia nyingine, na hii ndiyo isiyosimuliwa sana. Katika ukumbi wa Palazzo Pubblico wa Siena, Ambrogio Lorenzetti alichora ukutani, mwaka 1338 na 1339, matokeo ya utawala mwema mjini na mashambani. Ni kawaida mgeni kuambiwa kwamba vilima vilivyomo kwenye mchoro huo ndivyo anavyoviona dirishani. Vilima vinafanana kweli. Lakini mashamba ya Lorenzetti yamejaa watu: wanaovuna na kupura ngano, wanaoswaga wanyama waliobebeshwa magunia, anayempeleka mjini nguruwe mweusi mwenye mshipi mweupe. Dirishani mwa basi, kwa kilomita nyingi, haonekani mtu. Waliokuwa hapo waliishi kwa karne nyingi chini ya mfumo wa mezzadria. Mwenye ardhi, mara nyingi mkazi wa mjini, alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ikatoa nguvu zake. Mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Mkataba uliitaka familia ikae shambani penyewe, ndiyo maana nyumba za mawe zimetawanyika vilimani, kila moja peke yake. Na kwa kuwa familia ilikula kutokana na shamba hilohilo, kila kitu kilipandwa pamoja: ngano, kati yake mizabibu iliyopandishwa juu ya miti hai, na mizeituni. Nje ya nusu ya bwana kulikuwa na madeni katika daftari la msimamizi, kuku na mayai ya kumpelekea siku za sikukuu, na katika mikataba mingi kijana hakuoa bila idhini ya mwenye shamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima hao waligoma, wakadai fungu kubwa zaidi, wakapata nyongeza kidogo; kisha, katika miaka ya 1950 na 1960, wakaondoka. Viwanda vya mabondeni viliwapa mshahara, na miji ikawapa umeme na maji ya bomba. Vijana, na wasichana zaidi, walichoka kuishi kwa amri ya mzee wa kaya na ya bwana shamba kwa pamoja. Tarehe 15 Septemba 1964 sheria namba 756 ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na kwa ile iliyobaki ikampa mkulima asilimia 58 ya mavuno. Siku 19 baadaye, tarehe 4 Oktoba 1964, ilizinduliwa Autostrada del Sole, barabara kuu ya kilomita zipatazo 760 kutoka Milano hadi Napoli, inayopita kando ya Florence. Tarehe hizo hazikupangwa zikaribiane, lakini chimbuko lao ni moja. Italia ilikuwa inaacha kuwa nchi ya wakulima na kuwa nchi ya mishahara, magari na likizo. Uchumi uliomvuta mkulima kutoka kilimani ndio uliotandika lami ambayo basi la watalii lingepita.

Mengi anayoyapenda abiria yalizaliwa wakati huo au muda mfupi kabla yake. Mistari mirefu iliyonyooka ya mizabibu ya Chianti ilienea kuanzia miaka ya 1960, pale wamiliki walioachwa bila wakulima walipolazimika kung'oa mchanganyiko wa zamani na kupanda zao moja kwa nafasi inayopitika na trekta. Jibini ya kondoo ya mji wa Pienza, wanayoonjeshwa wageni kama urithi wa mahali, imeshikiliwa kwa sehemu kubwa na familia za wachungaji waliotoka kisiwa cha Sardinia kuchukua ardhi iliyoachwa. Miti ya saipresi ya barabara inayopanda kwa kupindapinda karibu na shamba la La Foce, katika bonde la Val d'Orcia, ilipandwa katika karne ya 20, baada ya Antonio na Iris Origo kulinunua shamba hilo mwaka 1924 na kuanza kuifufua ardhi iliyokuwa imemomonyoka. Mashindano ya wapanda farasi ya Arezzo, pamoja na mavazi yake ya karne za kati, yalirudishwa mwaka 1931 chini ya utawala wa Mussolini. Nyumba zilizohamwa zikanunuliwa na matajiri wa Roma na Milano, na wageni kutoka Uingereza na Ujerumani. Sheria ya mwaka 1985 ikawaruhusu wakulima kupokea wageni wa kulala kama sehemu ya kilimo chao. Na mwaka 2004 UNESCO ikaiingiza Val d'Orcia katika orodha ya urithi wa dunia.

Mpinzani atajibu kwamba hata kama wakulima waliondoka wenyewe, watalii ndio wanaowazuia watoto wao kurudi. Hoja hii ina uzito. Nyumba ya mjini inayokodishwa kwa usiku haikodishwi kwa mwaka, na duka la vikumbusho hulipa pango ambalo fundi viatu halimudu. Ila mpangilio wa matukio una maana yake. Anayeamini kuwa basi lilifukuza watu ataamini pia kwamba likiondolewa watarudi, na hapo atakosea, kwa sababu waliofuata mshahara, maji na uhuru wa kuoa wampendaye hawakuwa wakimkimbia mtalii. Mji unaotaka watu wake wabaki hauna budi kuwapa walichokwenda kukitafuta kwingine. Siena iliufunga moyo wa mji kwa magari katikati ya miaka ya 1960, na jambo hilo lilisaidia maisha ya mitaa yake kuendelea mbele ya macho ya wageni.

Wengine watasema mgeni wa siku moja hutumia barabara, vyoo na mapipa ya taka, kisha huacha fedha kidogo. Hilo nalo ni kweli, na miji imeanza kulishughulikia bila matusi. Mabasi huegeshwa nje ya kuta. Civita di Bagnoregio, kijiji cha mkoa wa Lazio kinachomeguka kutoka juu ya mwamba wake, kilianza kutoza kiingilio mwaka 2013, na Venice ikaanza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku zilizoteuliwa. Haya ni mabishano ya bei na ya mgawanyo wa mapato. Miji ya Via Francigena iliyajua zamani, na hayathibitishi kwamba ujio wa siku moja ni dhambi.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwenye maelezo ya ndani ya basi. Abiria huelezwa habari za mapapa, wachoraji na koo zilizojenga minara, halafu huachwa aamini kwamba vilima vyenyewe vimekuwa hivyo tangu milele. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa basi huondoka kabla jioni haijaingia, na jembe lenyewe halitajwi kwake, wala walioliacha. Jambo hili halihitaji siku ya pili ili lirekebishwe. Buonconvento, kwenye barabara ya Via Cassia ambayo mabasi kutoka Siena huifuata kuelekea Val d'Orcia, kuna makumbusho ya mezzadria. Kusimama hapo ni saa moja, na saa hiyo inaweza kukatwa kwenye duka la divai. Anayetoka hapo na kupanda tena basi ataziona nyumba za kilimani kuwa ni makazi yaliyoachwa na watu waliokuwa na sababu nzuri za kuondoka, na kwa siku yake moja atakuwa ameielewa Toscana kuliko mtu aliyekaa humo mwezi mzima akitazama machweo.