Sheria Iliyotangulia Vitabu: Hakimiliki na Mwalimu wa Darasani katika West Nile

Katika wilaya ya Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, sheria ya kuzuia watu wasinakili vitabu ilifika kabla ya vitabu vyenyewe. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 1911, na kwa amri ya mwaka 1912 sheria hiyo ikafikishwa katika nchi zilizokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, Uganda ikiwamo. Lakini mwaka 1912 Koboko na Arua hazikuwa Uganda. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mpaka alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likaingia mikononi mwa Sudan, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mpaka uliposogezwa, sheria ilisogea nao, wala hakuna aliyeulizwa. Africa Inland Mission ilifika Arua miaka minne baadaye, mwaka 1918, na vitabu vya shule vikafuata polepole.

Sisemi kwamba watu wa huku hawakujua kunakili. Waislamu wa Kinubi walikuwa na vyuo vyao vya Kurani, na katika chuo cha Kurani kunakili ndiko kusoma: mtoto anaandika aya kwenye ubao, anaihifadhi, anaufuta, anaandika nyingine. Kwa elimu ya namna hiyo, kumwambia mwalimu kwamba kunakili maandishi kunaweza kuwa kosa ni jambo la ajabu.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya mazoezi yangu ya kufundisha. Nilipangiwa shule ya sekondari isiyo mbali na Lobule, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya watu waliotoka Kongo, wengi wao Wakakwa kama wenyeji wao wa upande huu. Darasa langu la Kiswahili lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini na nakala tatu za tamthilia iliyochapishwa Nairobi. Nilipotaka kwenda mjini Koboko kudurufu, chumba cha walimu kiligawanyika. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa mkubwa kwetu sote, aliniambia, "Mwanangu, huo ni wizi, hata kama unawaibia wachapishaji matajiri." Mwingine akasema mwalimu hawezi kuwa na kosa akiwa kazini. Wa tatu akaleta suluhu: asilimia kumi ya kitabu inaruhusiwa, zaidi ya hapo ni jela. Hakuna aliyetaja kifungu cha sheria, na mimi pia sikukijua. Insha hii imetokana na kukitafuta.

Tuanze na ile asilimia kumi, maana nimeisikia pia hapa chuoni, hata kwa watu wenye shahada. Haimo katika sheria ya Uganda. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1976, Bunge la Marekani lilipokuwa likitunga sheria mpya ya hakimiliki, wawakilishi wa shule, waandishi na wachapishaji walikubaliana mwongozo kuhusu kudurufu kwa ajili ya darasa. Kwa nathari, kipande kisizidi maneno 1,000 au asilimia kumi ya kitabu, kinachochukuliwa ni kiwango kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa shairi, maneno 250. Hata huko kwao mwongozo huo si sheria. Ni mapatano ya kiwango cha chini ambacho mwalimu akibaki ndani yake ana usalama. Umefikaje Koboko, nadhani ni kwa njia ile ile ya mambo mengi yanayotufikia bila barua ya kuyatambulisha.

Sheria ya 1911 haikuwa na asilimia yoyote. Iliruhusu matumizi ya haki kwa kusoma binafsi, utafiti, uhakiki, mapitio na muhtasari wa magazeti. Kufundisha hakukutajwa. Shule zilipata upenyo mmoja tu: mtungaji wa kitabu cha mkusanyiko kwa ajili ya shule aliweza kuchukua vipande vifupi vya kazi za wengine, lakini mchapishaji mmoja hakuruhusiwa kuchukua zaidi ya vipande viwili vya mwandishi mmoja katika miaka mitano, na sharti chanzo kitajwe. Ukisoma kwa makini utaona aliyefikiriwa hapa ni mchapishaji wa vitabu vya shule kule London. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na kitabu kimoja hakuwamo. Kwake yeye palikuwa na chaki, na baadaye stensili. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa jirani yetu, alinisimulia jinsi walivyokuwa wakichapa kurasa za hadithi kwenye stensili usiku na kuzizungusha kwa mkono asubuhi, wino ukiwabaki vidoleni mpaka Jumapili. Nilipomwuliza kama waliwahi kuogopa sheria, alicheka. Walichoogopa ni karatasi kuisha.

Uganda huru ilitunga sheria yake mwaka 1964, nayo ikadumu kwa miaka zaidi ya arobaini. Katika kipindi hicho jambo kubwa lilitokea mbali na hapa, nalo silioni likifundishwa vya kutosha. Agosti 1963 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Brazzaville, kwa mwaliko wa UNESCO na ofisi iliyosimamia Mkataba wa Berne, kujadili sheria ya hakimiliki inayozifaa nchi zilizokuwa zimepata uhuru juzi tu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi isiyo na vitabu haiwezi kulipia elimu kwa bei ya nchi yenye navyo. Mwaka 1967, mjini Stockholm, hoja hiyo iliingia katika itifaki ya Mkataba wa Berne. Itifaki hiyo ingeziruhusu nchi zinazoendelea kupunguza ulinzi wa hakimiliki kwa ajili ya kufundisha, kusoma na utafiti. India ilikuwa mstari wa mbele.

Itifaki ile haikufanya kazi. Wachapishaji wa Uingereza waliipinga vikali, na nchi zenye vitabu vingi hazikuikubali. Mwaka 1971, mjini Paris, ikabadilishwa kuwa kiambatisho chenye masharti marefu. Nchi inayoendelea ingeweza kutoa leseni ya kuchapisha kitabu bila ridhaa ya mwenye haki, lakini baada ya kungoja: miaka mitatu kwa vitabu vya sayansi, hisabati na teknolojia, mitano kwa kawaida, na saba kwa riwaya, mashairi na tamthilia. Kwa tafsiri, miaka mitatu. Lakini kama lugha ya tafsiri haitumiki kwa jumla katika nchi zilizoendelea, mwaka mmoja. Kiswahili ni lugha ya namna hiyo, na Kikakwa pia. Kwa hesabu ya Paris, basi, kitabu cha Kiingereza kinaweza kutafsiriwa kwa Kikakwa baada ya mwaka mmoja, ila tamthilia ya Kiswahili ingoje saba kabla ya kuchapishwa upya. Uganda wakati ule haikuwa mwanachama wa Muungano wa Berne, kwa hiyo mjadala wote ulipita juu ya vichwa vyetu. Ninauita mjadala wetu hata hivyo, maana swali lilikuwa letu.

Uganda iliingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995, na mkataba wa shirika hilo kuhusu miliki za ubunifu uliyabeba masharti mengi ya Berne. Nchi maskini zaidi, Uganda ikiwa mojawapo, zilipewa mpaka Januari 2006 kujitayarisha. Mwishoni mwa 2005 muda huo uliongezwa mpaka 2013. Hata hivyo, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani mwaka huo huo wa 2006. Sidai kwamba tarehe ile pekee ndiyo iliyosukuma jambo. Wanamuziki walikuwa wakilalamika kwa miaka mingi kuhusu kanda zao kudurufiwa sokoni. Lakini ukweli ni kwamba tulikuwa na muda zaidi na hatukuutumia. Sheria iliandikwa na wimbo wa kuuzwa akilini kuliko kitabu cha darasani.

Ajabu ni kwamba pamoja na hayo, kifungu cha 15 cha sheria hiyo, kama kilivyochapishwa 2006, kina ukarimu ambao chumba chetu cha walimu hakikuujua. Kinasema matumizi ya haki ya kazi, katika lugha yake ya asili au katika tafsiri, hayahitaji ruhusa. Kisha kinataja hali zake. Kazi iliyochapishwa inaweza kutumiwa kwa kufundishia, kama mfano, kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo hilo. Inaweza kufikishwa kwa umma kwa ajili ya mafundisho ya shule na vyuo. Taasisi ya elimu inaweza kudurufu kazi, kwa masharti ambayo waziri ataweka, mradi isiharibu soko la kawaida la kitabu. Kuandika kwa breli au kwa lugha ya alama kwa ajili ya elimu ya watu wenye ulemavu kunaruhusiwa. Katika kufundishia, kazi na mwandishi sharti watajwe.

Baada ya orodha hiyo kinakuja kipimo cha mambo manne: lengo la matumizi, je, ni biashara au elimu isiyo ya faida, aina ya kazi yenyewe, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kitabu. Mizizi ya kipimo hiki iko Boston, katika hukumu ya Jaji Joseph Story ya mwaka 1841 kuhusu barua za George Washington, na kiliingia katika sheria ya Marekani mwaka 1976. Uganda iliyotawaliwa na Uingereza ikakichukua kutoka Marekani na kukibandika juu ya orodha ya mtindo wa Berne. Ni vazi lililoshonwa kwa vitambaa vitatu. Linamfaa mwalimu wetu kuliko sheria ya 1911, ila ana kazi ya kulipima mwenyewe.

Nikilipima kwa darasa langu, onyesho moja la tamthilia, lililodurufiwa kwa wanafunzi sitini, lisilouzwa, lenye jina la mwandishi juu ya ukurasa, linasimama. Tamthilia nzima haisimami. Kitabu cha fasihi kilichoteuliwa kwa mtihani hakina soko jingine kubwa kuliko shule, na shule zote zikidurufu kizima, mwandishi hatapata kitu. Hapa simtetei mchapishaji tu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari za Uganda. Tunataka vitabu vya Kiswahili vinavyoandikwa Uganda, vyenye Koboko na Yumbe ndani yake, si Mombasa na Unguja peke yake. Nani ataviandika kama nakala ya kwanza tu ndiyo itakayolipiwa?

Wapo wanaojibu kwa mfano wa Delhi. Mwaka 2012 Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walilishtaki duka la fotokopi la Rameshwari, lililokuwa katika Chuo Kikuu cha Delhi, kwa kuuza mikusanyiko ya sura walizoagizwa wanafunzi kusoma. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua duka halikukosea, na majaji wa rufaa Desemba mwaka huo wakakubali kwamba kudurufu kwa ajili ya mafundisho kunaruhusiwa. Naifurahia hukumu hiyo, na naona ndani yake Stockholm ikilipa kisasi cha upole. Ila sheria ya India ina kifungu chake kuhusu mwalimu na mwanafunzi katika mafundisho, na haikubebeshwa vile vipimo vinne vyetu. Kuihamisha moja kwa moja mpaka Koboko ni kurudia kosa la asilimia kumi.

Kuna vitabu ambavyo vipimo hivi havihusiki navyo kabisa. Ulinzi Uganda hudumu maisha ya mwandishi na miaka hamsini baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962. Tangu 2013, kwa hesabu hiyo, maandishi yake aliyoyachapisha mwenyewe hayana mwenye kuyazuia hapa kwetu. Ni utangulizi, maelezo na picha za matoleo mapya tu zinazoweza kuwa na mwenyewe. Nashangaa kwamba shule zinazolalamika kukosa vitabu hazimgeukii. Hata wahadhiri wetu wanaweza kutusaidia hapa kwa kuandaa matoleo ya bei nafuu yenye maelezo mapya.

Kwa Lobule, hata hivyo, jambo kubwa ni yale maneno "au katika tafsiri". Wanafunzi wangu kadhaa walianza shule Kongo kwa Kifaransa, nyumbani wakizungumza Kikakwa, sokoni Ingbokolo Kiswahili na Kilingala. Kitabu cha historia tulichokuwa nacho kilikuwa cha Kiingereza. Jioni nilikuwa nikitafsiri aya za somo la kesho kwa Kiswahili na kuzisoma darasani, na wenzao wakizipeleka tena katika Kikakwa kwa minong'ono. Ng'ambo ya mpaka, Kongo inafuata sheria yake ya Aprili 1986, yenye mkondo wa Kibelgiji na Kifaransa: haki ya mwandishi kwanza, kisha ruhusa moja moja zilizoorodheshwa. Upande huu kifungu cha 15 kinanitazama kwa jicho jingine. Tafsiri ya kipande, kwa mafundisho, kwa kiasi cha somo, mwandishi akitajwa, imo ndani ya ruhusa.

Daftari la tafsiri hizo ninalo bado. Mwalimu aliyenifuata ameniomba nimwachie, na mwenye duka la fotokopi amependekeza tulifanye kijitabu tukiuze kwa shilingi elfu mbili. Nimempa mwalimu. Mwenye duka nimemkatalia, kwa sababu siku kitakapouzwa kipimo cha kwanza na cha nne vitageuka, na aya zile zina mwenyewe. Linabaki swali la kifungu cha 8, kinachosema kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mwanafunzi wa mazoezi hana mkataba wa ajira. Mwalimu aliyelipokea daftari anao, na kila ukurasa atakaouongeza akiwa kazini huenda si wake.